Blanketi langu la kwanza la viraka

Jamani, limekamilika! Na sikununua kitambaa hata kimoja, ila blanketi la flisi la mtumba kutoka soko la Gikomba nililolitia ndani badala ya pamba. Mengine yote yalikuwa kabatini: mashuka yaliyochakaa katikati (pembeni bado mazima kabisa), leso za mama, mashati ya mzee, jinzi moja na fulana za watoto.

Mnaotaka kuanza, msihangaike sana na rangi. Angalieni tabia ya kitambaa. Pamba hurudi (husinyaa) ikifuliwa, poliesta hairudi. Ukiviunganisha kabla ya kufua, blanketi likishaoga mara ya kwanza kila mshono utajikunja. Kwa hiyo fua kila kitu kwa maji ya moto, leso nyekundu peke yake kwa sababu huchuja, kisha piga pasi ndipo ukate. Pasi ya poliesta iwe ya vuguvugu, la sivyo kitambaa kitang'aa au kiyeyuke.

Fulana ndizo zenye kiburi, zinavutika ovyo. Bandika nyuma kile kitambaa chembamba chenye gundi ya pasi, mafundi wanakijua, halafu ndio ukate. Jinzi nimeiweka ukingoni tu. Mikunjo yake ni minene na inataka sindano namba 16. Mishono yote iko robo inchi kutoka ukingo wa kitambaa.

Sasa nataka kutengeneza kubwa la kitanda. Nani ana mapazia kuukuu ya pamba? Niko Umoja, Nairobi, nitakuja kuyachukua mwenyewe.