Ng'ombe akikatwa kichwa: jinsi ya kufumbua chemsha bongo ya mafumbo

Chemsha bongo ya kawaida, ile ya kujaza maneno ya ulalo na ya wima kwenye visanduku, inauliza "mji mkuu wa Zambia", unajaza Lusaka, unaendelea. Hii ya mafumbo inakuzungusha. Kila kidokezo kimebeba vitu viwili: maana ya jibu, na namna ya kulijenga jibu hilo herufi kwa herufi. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, katikati haikai. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta pa kuikata sentensi. Hadithi inayosimuliwa humo ni chambo tu.

Majibu yote hapa chini ni ya Kigoma na Tabora, isipokuwa moja. Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi.

Mama we, sema kilichomo tumboni: mafuta (6)

Maana ni "mafuta". "Kilichomo tumboni" ni amri ya kuchungulia ndani ya maneno yaliyotangulia: maMA WE SEma. MAWESE. Hii ndiyo aina rahisi kuliko zote, na dalili yake ni maneno kama ndani, tumboni, amemeza, amefichwa. Kidokezo kizuri cha aina hii huanzia katikati ya neno moja na kuishia katikati ya jingine. Ndiyo maana "Rafiki, goma! Ndani mna mwisho wa reli (6)" nakipa alama chache: KIGOMA imo kweli, lakini mkia wake umeishia pale pale goma inapoishia, na jicho linauona haraka.

Aombe Mungu apate zao la nyuki (5)

Hakuna cha kukata wala kuvuruga. Ni maana mbili za neno moja: asali ya kitenzi kusali, na ASALI ya mizinga ya Tabora. Ukiona kidokezo kifupi kisicho na amri yoyote, shuku maana mbili.

U mji mkubwa, ndipo walipokutana Livingstone na Stanley (5)

U, kisha jiji. UJIJI, mwaka 1871. Kinachopoteza watu ni kuisoma "U" kama "wewe ni" wakaipita, kumbe ni herufi ya kujazwa. Katika mafumbo haya hakuna neno la kupuuzwa, hata liwe la herufi moja.

Dada na gaagaa wamekatwa nusu nusu; anika juani (5)

DA na GAA, DAGAA. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi: maneno yanayojirudia, kama dada, kaka, baba, gaagaa, yana nusu mbili zinazofanana, hivyo hakuna ubishi ni nusu ipi. Linganisha na hiki:

Nusu ya kwanza ya tatu, iliyo nzuri kuliko zote, ndiko reli inakogawanyika (6)

TA + BORA, TABORA, ambako njia moja inakwenda Kigoma na nyingine Mwanza. Bila "ya kwanza", mfumbuzi ana haki ya kuchukua TU na kulalamika. Mtungaji anayeacha mlango kama huo wazi ni mvivu. Derrick Macnutt, aliyetunga kwenye gazeti la The Observer la Uingereza kwa jina la Ximenes tangu 1939, alisisitiza usawa huo: kupotosha unaruhusiwa, lakini ulichoandika lazima kisomeke sawasawa na unachotaka kifanyike.

Sasa kigumu.

Mita mbele, geuka ukiwa umebeba kichwa cha boti: samaki (7)

Ukikutana na "geuka" mkono unakimbilia kuandika neno kutoka nyuma kwenda mbele. Ndipo unapokwama, kwa sababu geuka hapa si amri, ni herufi zenyewe: G-E-U-K-A. "Kichwa cha boti" ni B. "Ukiwa umebeba" maana yake B inaingia ndani ya geuka: GEBUKA. "Mita" ni M, na "mbele" inasema ikae mwanzoni. MGEBUKA. Ukikwama, anzia mkiani: samaki wa herufi saba wa Ziwa Tanganyika. Ukiwa na G kwenye kisanduku cha pili kutoka neno la wima, jibu linajileta, halafu unarudi kuhakiki ujenzi. Kufumbua kwa kurudi nyuma si wizi.

Mbali na mwanzo wa eneo, vikasukwasukwa na mawimbi: meli (6)

Herufi za mbali, pamoja na E, zivurugwe. Herufi sita zisizofanana zinapangika kwa njia 720, ila usizijaribu hovyo kama Waingereza wanavyoweza. Neno la Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, na M na B hupenda kushikana. Una vipande L na MB, na irabu tatu, kwa hiyo irabu moja itasimama peke yake kama silabi. Zimebaki njia 36 tu, na LIEMBA ni mojawapo. (Meli hii ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa 1924. Mtungaji mwingine angeweza kutumia "imezama" kuficha neno na nisingemlaumu.)

Fanya kazi shambani kwa kinyume upate utajiri (4)

Kinyume ni mchezo wetu wa zamani wa kusema, silabi ya mwisho ikitangulia. LIMA inakuwa MALI. Ukigeuza herufi unapata AMIL, hapana kitu. Watungaji wa Kiswahili wangeachana kidogo na kuvuruga herufi wakatumia silabi zaidi. Ndizo sikio letu linazozishika.

Mkate ng'ombe kichwa, uone makao ya sokwe (5)

Hapa sikio lile lile linakuangusha. Mtu anakata NG' yote kwa kuwa ni sauti moja, anabaki na OMBE. Kwenye visanduku kila herufi ina chumba chake na ile alama ya juu (') haina, hivyo ng'ombe ni herufi sita na kichwa chake ni N peke yake. GOMBE, walikochunguzwa sokwe na Jane Goodall kuanzia 1960. Kanuni hiyo hiyo inakusaidia kwingine: C ikishatokea, kisanduku kinachofuata ni H, andika bila kusita.

Cha mwisho nakiacha:

Mahali: ng'oa mkia, weka kichwa cha embe, ndipo walipo sokwe wengine (6)

Atakayeshindwa anipe mji. Ujiji umeshatumika.