Siku ya bonenkai: kuanzia asubuhi ya kazi hadi treni ya mwisho

Bonenkai ni karamu ya ofisi ya kuuaga mwaka. Nchini Japani hufanyika Desemba, mara nyingi Ijumaa, na mgeni aliyeajiriwa huko ataalikwa tu. Mchana ni kazi kama kawaida. Jioni ndiyo yenye ratiba kali, na anayeijua saa yake hapati shida, awe anakunywa pombe au hanywi. Saa zilizo hapa ni za Kiswahili: tangazo la kampuni likisema 18:30, soma saa 12:30 jioni.

Saa 1:30 asubuhi, nyumbani

Anza na soksi. Izakaya, yaani baa za Kijapani zinazouza pia chakula, nyingi hukalisha makundi makubwa kwenye vyumba vya mikeka ya tatami, na viatu huachwa nje ya chumba au kwenye kabati la mlangoni. Vaa soksi safi zisizo na tundu, na viatu vinavyovuka upesi.

Mchango kwa kawaida ni yeni 4,000 hadi 6,000. Beba noti za elfu moja moja, maana watu ishirini wakitoa noti za elfu kumi, mwandaaji hana chenji na foleni inakwama mlangoni.

Baiskeli ibaki nyumbani. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, kuendesha baiskeli ukiwa na pombe ya miligramu 0.15 au zaidi katika kila lita ya pumzi ni kosa la jinai: kifungo hadi miaka 3 au faini hadi yeni 500,000. Aliyekupa pombe akijua utapanda baiskeli naye anaweza kushtakiwa.

Saa 3:00 asubuhi, ofisini

Mwandaaji, wanayemwita kanji, mara nyingi ni kijana wa idara. Ndiye aliyeweka nafasi, anayekusanya pesa na anayehesabu vichwa. Msalimie mapema. Ukiugua siku hiyohiyo, mwambie mara moja na ujitolee kulipa mchango wako, kwa sababu mgahawa umeshanunua chakula na utamdai yeye.

Suala la chakula linatakiwa limfikie wiki mbili kabla. Leo unakumbushia tu. Waislamu wengi kutoka pwani yetu hukwama hapa, kwa kuwa kusema "sili nguruwe" hakutoshi. Mchuzi wa nabe, chungu kinachochemka katikati ya meza, unaweza kuwa wa mifupa ya nguruwe. Saladi huja na vipande vya bekoni. Kuku wa karaage mara nyingi hulowekwa kwenye sake, pombe ya mchele, kabla ya kukaangwa, na vyakula vya kutokosa hutiwa mirin, kiungo kitamu cha mchele ambacho nacho kina pombe. Hata soya sosi nyingi huongezewa pombe kidogo ili isiharibike. Basi taja kila kimoja: nyama, mchuzi, mafuta, pombe ya kupikia. Sentensi ya kumwandikia kanji ni hii: "Butaniku to osake wa dame desu. Chomiryo no osake mo dame desu," yaani nyama ya nguruwe na pombe siwezi, hata pombe ya kupikia. Akipata taarifa mapema anaweza kuchagua mgahawa wa samaki, au kukuombea sahani ya peke yako. Usiku wenyewe, jikoni kukiwa na makundi matano, hakuna atakayeweza kukusaidia.

Saa 10:00 jioni

Kula onigiri moja, donge la wali, au mkate. Glasi ya kwanza huja kabla ya chakula cha maana, na bia kwenye tumbo tupu ndiyo huwaangusha wengi ndani ya nusu saa. Madukani utaona wenzako wakinunua vichupa vya kinywaji cha bizari ya manjano wakiamini kinapunguza hangova. Mimi naliamini tumbo lililoshiba.

Saa 12:20 jioni, mlangoni

Fika dakika tano hadi kumi kabla ya wakati. Usikimbilie kiti. Nafasi iliyo mbali zaidi na mlango, kamiza, ni ya mkubwa. Iliyo karibu na mlango ni ya mdogo. Subiri uonyeshwe. Ukiwekwa karibu na mlango, umepewa na kazi: kupokea sahani, kuita mhudumu, kuagiza vinywaji kwenye tableti. Pengine watakuweka ubavuni mwa bosi kwa sababu ni mgeni. Kaa, usibishane.

Saa 12:30 jioni, kanpai

Karibu wote huagiza bia mara ya kwanza, kwa kuwa huja haraka na kwa pamoja. Usiyekunywa sema "uuroncha", chai ya oolong, papo hapo. Chai hiyo nayo huja haraka. Hakuna anayegusa glasi kabla ya hotuba ya mkuu wa idara na mtu wa kuongoza kanpai, yaani kugonganisha glasi kwa pamoja. Wakati wa kugonganisha, shika glasi kwa mikono miwili, ukingo wako uwe chini kidogo ya wa mkubwa wako, kisha sema "otsukaresama desu", yaani pole na kazi.

Kumimina kuna namna yake. Mkono wa kulia ushike chupa, lebo ikitazama juu, wa kushoto uibebe kwa chini. Ukimiminiwa, inua glasi kwa mikono miwili, unywe funda moja kabla ya kuiweka mezani. Glasi tupu hujazwa; anayetaka kupumzika huiacha imejaa. Wajapani wapatao asilimia 40 wana kimeng'enya dhaifu cha kuvunjavunja pombe na nyuso zao huwa nyekundu upesi, kwa hiyo kukataa kunaeleweka kuliko wageni wanavyodhani. Anayekushurutisha anakosea, na sheria ya kuzuia unyanyasaji kazini, iliyoanza kwa kampuni kubwa Juni 2020 na kwa ndogo Aprili 2022, inailazimu kampuni kuwa na mahali pa kupeleka malalamiko.

Kwenye sahani ya wote tumia vijiti vya kupakulia. Usipokezane chakula kijiti kwa kijiti, kwani hivyo ndivyo mifupa ya marehemu hupokezwa baada ya mwili kuchomwa. Na kabla ya kukamua limau juu ya karaage, uliza.

Saa 1:30 usiku

Watu huanza kuhama viti. Nenda kwa bosi na chupa, piga magoti kando yake, mshukuru kwa jambo moja mahsusi la mwaka huu, zungumza dakika mbili tatu, ondoka. Akitangaza kwamba usiku huu hakuna vyeo, cheka na ujiachie, lakini mshahara na mkataba viache hadi Jumatatu.

Saa 2:00 usiku

Vinywaji vya bila kikomo kwa kawaida hutolewa kwa muda wa saa mbili tangu kuanza, na agizo la mwisho huchukuliwa nusu saa kabla ya kumalizika. Agiza maji sasa. Mchuzi uliobaki kwenye nabe hutiwa wali au udon, tambi nene za ngano.

Saa 2:25 wote husimama kwa makofi ya kufunga, na wageni wengi hukosea hapa. Ipponjime kamili ni makofi matatu, matatu, matatu, kisha moja. Itchojime ni kofi moja tu, lakini wengi nalo huliita ipponjime, kwa hiyo usilitegemee jina. Acha mikono wazi mbele ya kifua, mtazame kiongozi akisema "iyooo", na ufuate.

Saa 2:40 usiku, nje

Kundi husimama barabarani likijadili nijikai, awamu ya pili ya karaoke au baa, yeni 2,000 hadi 3,000 nyingine. Kuondoka hapa ni ruhusa kabisa. Kutoweka kimyakimya ndiko kunakoudhi. Mwambie kanji na bosi: "Kyo wa koko de shitsurei shimasu," yaani leo naagia hapa, uiname, uende.

Ukibaki, angalia treni sasa hivi. Tokyo treni nyingi za mwisho huondoka kati ya saa 6:00 na 6:30 usiku, na ile ya kuunganishia inaweza kukoma mapema zaidi. Teksi huongeza asilimia 20 kuanzia saa 4:00 usiku.

Jumatatu, saa 3:00 asubuhi

Kabla ya kufungua kompyuta, mfuate bosi, kisha kanji: "Kinyobi wa arigato gozaimashita," yaani asante kwa Ijumaa. Mara nyingi wakubwa hulipa zaidi ya wadogo, ukijua bosi alikufidia, ongeza "gochisosama deshita", shukrani ya kulishwa. Kama mchango unakusanywa baada ya karamu, mpe kanji asubuhi hiyohiyo, kiasi kamili, ndani ya bahasha yenye jina lako.