Nilivyovuka wiki za kwanza baada ya jela (nilikuwa najidunga)

Naandika hii zaidi kwa ndugu wa walioko ndani, maana nyie ndo mna simu. Mimi nilikuwa teja wa kujidunga unga (heroini) hapa Dar, nikafungwa kwa kesi ya wizi, arosto (yale mateso ya mwili ukikosa unga) ikaniishia hukohuko ndani, nikapata mpaka mashavu. Watu wakiona mashavu wanasema huyu kapona. Kumbe hapo ndo mtego wenyewe, mwili ukikaa muda bila unga ule uwezo wa kuuhimili unaondoka, ila kichwa bado kinakumbuka kipimo kilekile cha zamani, mtu anatoka asubuhi, jioni yuko maskani anajidunga kama alivyokuwa anajidunga kabla hajakamatwa, pumzi inakata. Kuna utafiti wa Marekani, jimbo la Washington, ulitoka 2007, walikuta wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela hatari ya kufa kwa ovadozi ni mara 129 ukilinganisha na raia wengine wa jimbo hilo. Mara 129 aisee.

Na ukitoka wala huhangaiki kuutafuta. Masela wanakuchangia kete (kipakti cha unga) ya kukukaribisha, bure kabisa, na hawana nia mbaya, ndo upendo walionao.

Mimi nilianza kujipanga nikiwa bado ndani. Dada angu alivyokuja kuniona nikamwambia nenda kawatafute wale waelimishaji rika wanaopita vijiweni, waambie natoka lini, maana methadone (dawa ya hospitali ya kunywa badala ya unga, inayozuia arosto) ni bure lakini huingii hivihivi, lazima kuna asasi imekuandikisha na kukupeleka. Hapa Dar Muhimbili ndo walianza 2011, baadae Mwananyamala na Temeke. Siku natoka dada kanipokea getini tukaenda moja kwa moja kuonana na mwelimishaji, nyumbani kusalimia baadae. Na sikurudi mtaa wetu, nikafikia kwa shangazi Mbagala.

Daktari akaniuliza, wewe si umeshakaa bila unga, methadone ya nini? Nikamwambia dokta, hamu haijafungwa, nimefungwa mimi. Akacheka ila alinielewa. Wakanianzishia dozi ndogo sana inayopanda taratibu, ya maji, unakunywa pale pale mbele yao kila siku, na wakanionya vikali kwamba kipindi hiki cha mwanzo usichanganye na unga wala pombe wala valiamu (vidonge vya usingizi), vyote hivyo vinabana pumzi na vikikutana ndo basi tena. Kilichonitesa ni nauli, kila siku kwenda na kurudi na huna kazi, dada alikuwa ananitolea kwenye hela yake ya genge.

Sasa kikohozi. Nilitoka nacho ndani, selo imejaa watu na hewa hakuna, nikajua vumbi tu. Kliniki wakanipima makohozi, TB. Nikaanzishiwa dawa, mkojo ukawa wa chungwa (usiogope, ni dawa), halafu baada ya muda kidogo nikaanza kuamka usiku jasho linanitoka, pua inatiririka, mifupa inauma, arosto kabisa wakati methadone nakunywa kila siku! Shangazi akaanza kuficha pochi, akajua nimerudia. Hapa wengi wanapotelea, anaona dawa haifanyi kazi anaenda kuongezea na kete. Nikamwambia nesi ukweli wote, akasema ni rifampisini, hiyo dawa ya TB inafanya mwili uisage methadone haraka kuliko kawaida, kwa hiyo dozi inabidi ipandishwe. Wakapandisha, nikalala. Na nilivyomaliza TB wakaishusha tena polepole maana ikibaki juu vilevile inaweza kukuzidi. Kuna dawa za ARV nazo zinafanya hivyo, efavirenzi mojawapo, kwa hiyo kila dawa unayopewa popote waambie unatumia methadone.

Wakanipima na HIV na homa ya ini, B na C. Kapime tu, C siku hizi inatibika kwa vidonge vya miezi michache. Ila kama mtu alikuwa anatumia ARV ndani, hakikisheni anatoka na karatasi ya uhamisho, nimeona washkaji wamekatisha dawa kisa hawajui waanzie kliniki gani.

Nyumbani nilikubaliana nao kitu kimoja, chumbani sifungi mlango kwa ndani. Wakinikuta sishtuki, midomo imekuwa ya bluu, nakoroma vibaya au sipumui, wasinimwagie maji wala kunidunga maji ya chumvi kama tunavyofanyaga vijiweni, wanipulizie pumzi mdomoni, nikishaanza kupumua mwenyewe wanilaze ubavu, na bodaboda au bajaji yoyote hospitali haraka, kule kuna sindano ya naloksoni inayoutoa unga kwenye ubongo.

Na msingojee tarehe ya kifungo kuisha ndo muanze kujipanga. Mateja wengi wako ndani kwa wizi mdogomdogo, sio kesi za unga, na msamaha wa Rais wa 26 Aprili au 9 Disemba unaweza kumkuta, anatolewa ghafla, nyie mko kazini hamna habari, wa kwanza kumpokea ni kijiwe.