Saa Nne na Saa Saba

Ilikuwa Januari, kiangazi, na Mto Thego ulikuwa umepungua, maji maangavu hata unahesabu mawe chini. Nilikuwa na vijana sita waliotaka kazi ya kuwaongoza wageni wanaokuja kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi bandia katika mito ya Mlima Kenya. Watatu kati yao walikuwa wamevua tangu utotoni kwa nyungunyungu na kipande cha nailoni kilichofungwa kwenye ufito. Nilidhani hao ndio wangeelewa upesi. Wao ndio waliochukua muda mrefu zaidi.

Sababu yake si ngumu kuiona. Anayevua kwa chambo hurusha uzito: chubwi au jiwe linatangulia na kuuvuta mshipi nyuma yake. Nzi bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana ndogo, hana uzito wa kumpeleka popote. Kinachorushwa ni mshipi. Ule wa namba 5 (namba hueleza uzito wa mshipi), ambao ndio tulioutumia, una gramu 9 hivi katika mita 9 zake za mwanzo, na uzito huo umetandazwa kwa urefu wote. Mkono uliozoea chubwi huanza kwa nguvu na kumalizia kwa kulegea. Mshipi huu unataka kinyume chake: anza taratibu, ongeza mwendo, kisha simama ghafla. Ufito uliopinda ukisimamishwa hujinyoosha, na huko kujinyoosha ndiko kunakoutuma mshipi.

Tulianzia uwanjani, mbali na maji, saa tatu asubuhi kabla upepo wa mlimani haujaamka. Mwanafunzi akiwa kando ya mto humtafuta samaki kwa macho, hautazami mshipi wake. Kila mmoja alikuwa na ufito wa futi 9, mshipi unaoelea wa rangi ya machungwa ili uonekane, na nailoni nyembamba ya futi 9 kwa mbele. Mahali pa nzi tulifunga kishada cha sufi nyekundu, hakuna ndoana. Hata hivyo niliwataka wote wavae kofia na miwani. Ncha ya nailoni inayorudi kwa kasi haihitaji ndoana ili iharibu jicho.

Kisha nikasema yale niliyokuwa nimeyasoma na kuyarudia kwa miaka. Maelekezo mengi ya kurusha yaliyoandikwa kwa Kiingereza huufananisha mzunguko wa ufito na uso wa saa: mbele usimamishe kwenye namba 10, nyuma kwenye namba 1. Nikawaambia, "Mbele saa kumi, nyuma saa moja."

Kijana mmoja wa Kiganjo, miaka ishirini hivi, alianza kufagia. Ncha ya ufito ilishuka hadi karibu na nyasi mbele yake, ikapanda, ikashuka tena hadi nyasi za nyuma. Mshipi hufuata njia ya ncha. Ncha ikichora tao pana, kitanzi cha mshipi hewani nacho hupanuka kama mlango wa ghala, nguvu yote inaishia kwenye upana huo, na mshipi unaanguka kama uji uliomwagika, mita nne kutoka miguuni. Nikaona ni kosa la kifundo cha mkono kulegea na kukunjika, maana ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Nikakata utepe kwenye tyubu ya baiskeli nikaufunga juu ya kifundo pamoja na kitako cha ufito, ili kitako kisiweze kuachana na mkono. Dawa hiyo hufanya kazi kwa wengi. Kwake haikufanya lolote. Alifagia kwa mkono mzima.

Nusu saa ilipita hivyo. Ndipo mwenzake akasema kwa upole, "Mwalimu, mbona anafanya ulivyosema?" Akavua saa yake ya mkononi, akanishikia mbele ya macho. Saa kumi, mshale mfupi uko kwenye 4. Saa moja, uko kwenye 7. Zote mbili ziko chini ya mstari wa bega. Kijana alikuwa ameupeleka ufito pale pale nilipomwagiza, na mimi nilikuwa nimemfungia mkono kwa kunitii.

Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Tukaanza upya kwa saa yetu: mbele saa nne, nyuma saa saba. Mshale mfupi wa saa nne uko kwenye 10, wa saa saba uko kwenye 1, na hakuna wa kuchanganyikiwa. Nikahama pia niliposimama. Mwanafunzi anayetumia mkono wa kulia, simama kushotoni kwake. Huko uso wa saa unauona kama anavyouona yeye, mbele ikiwa upande wa 10, na mshipi unapita upande wa pili usikupige.

Tao likapungua siku hiyo hiyo, lakini kusimama ghafla kukabaki kugumu. Unaweza kumwambia mtu "simama" mara hamsini, naye akasimamisha mkono huku ncha ikiendelea kuteleza. Aliyenisaidia ni yule yule wa Kiganjo. Aliuliza kama ni kama kurusha udongo. Watoto wa huko hubandika tonge la udongo mbichi kwenye ncha ya kijiti kinachopinda na kurushiana. Tukakata vijiti sita. Ukianza kwa nguvu, tonge linabanduka mapema na kwenda juu. Usiposimama, linakuangukia miguuni. Ukiongeza mwendo kisha ukasimama, linakwenda moja kwa moja. Dakika kumi za udongo zilifanya kazi ambayo maneno yangu hayakuifanya asubuhi nzima, na tangu siku hiyo sijaanza somo bila vijiti.

Kungoja ndiko kulikofuata. Mshipi ukienda nyuma lazima upewe nafasi ya kunyooka. Kwa mita 9 ni kama kutamka "mia moja na moja" bila haraka. Ukiwahi, unasikia mlio wa mjeledi, na kama kuna nzi, umempoteza. Ukichelewa, mshipi unagusa nyasi. Niliwaacha wageuze shingo waangalie nyuma, ingawa wapo walimu wanaokataza. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi: rusha kwa ubavu, ufito ukiwa sambamba na ardhi, mshipi ulale kwenye nyasi nyuma, simama kabisa, kisha urushe mbele. Mrusho unakatwa vipande viwili, na kitanzi kinapita mbele ya macho.

Hadi saa sita nailoni zilikuwa na mafundo madogo yaliyobana kama mbegu za ufuta. Watu huyaita mafundo ya upepo, na siku hiyo upepo haukuwapo. Fundo hilo huja pale nguvu inapowekwa yote mwanzoni: ufito unapinda kupita kiasi, ncha inazama katikati ya safari, na sehemu ya juu ya kitanzi inaangukia ya chini. Nilikata kila nailoni yenye fundo, maana hapo ndipo itakapokatikia.

Alasiri tulishuka mtoni. Kando ya Thego vichaka viko mgongoni mwako, kwa hiyo mrusho wa nyuma hauna nafasi. Unaviringisha: vuta mshipi polepole juu ya maji hadi ufito ufike saa saba, ngoja mshipi uning'inie nyuma kidogo ya bega, kisha sukuma mbele na usimame. Hili ni gumu kulifundisha kwenye nyasi. Maji hushika mshipi, na ni mshiko huo unaoupindisha ufito.

Kijana wa Kiganjo aliviringisha mara tano au sita. Ya mwisho nzi alitua chini ya tawi lililoinamia maji, akateleza kama nusu mita, na trauti akapanda. Kijana akavuta kama anayeng'oa mhogo, mkono wa kushoto ukiwa umeubana mshipi. Nailoni ya milimita 0.15 ilikatika bila kelele.

"Mwalimu, nimekosea saa?"

"Saa ilikuwa sawa. Umeinua kwa nguvu. Inua ufito tu, na vidole viulegeze mshipi akikimbia."

Nikampa nzi mwingine na kumwambia amfunge mwenyewe: nailoni izungushwe mara tano, ncha yake ipite kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na ndoana, na alilowanishe fundo kwa mate kabla ya kulikaza.