Ugua pole, Killer

"Killer anaumwa," mzee akaniambia, na mimi nimesimama mlangoni na beseni la maji moto mkononi. Nikashtuka kweli. Mtu miaka themanini na kitu, mkono unatetemeka hata kijiko hakifiki mdomoni, anakwambia muuaji ni mgonjwa na anataka tumwombee, wewe ungefikiria nini? Nikajua akili zimeanza kumruka, nikaweka beseni chini nikamuuliza taratibu, muuaji gani babu?

Hii ilikuwa Januari 2011. Nilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa Minnesota, nafanya kazi nyumba moja ya wazee huko Bloomington, kazi yenyewe Wakenya walioko kule wanaijua, unaogesha, unageuza, unabadilisha mashuka, unalisha, ukitoka shifti mgongo unakuita kwa jina lako la ubatizo. Mimi shifti yangu ilikuwa saa tisa mchana mpaka saa tano usiku. Na huyu mzee nilikuwa namwita babu, nilimfundisha hilo neno mwenyewe wiki ya kwanza kwa sababu ulimi wangu ulikataa kabisa kumwita mtu wa rika la babu yangu kwa jina lake la kwanza kama wanavyofanya wao, akalipenda, akawa hata manesi anawaambia wamwite hivyo.

Basi Killer ni jina la utani la Harmon Killebrew, mchezaji mkubwa wa besiboli wa zamani. Mwenye akili timamu alikuwa babu, mshamba nilikuwa mimi. Manake kila siku basi langu lilikuwa linapita Killebrew Drive, ile barabara ya pembeni ya Mall of America, lile jengo kubwa la maduka, na mimi mwaka mzima nilidhani ni jina la kampuni ya bia. Kumbe ni mtu, yuko hai, na mwisho wa Desemba ametangaza ana kansa ya umio, lile koo la chakula.

Sasa mimi ni mtu wa Mombasa, mimi ni mpira wa miguu, besiboli nilikuwa naiona kama watu wamesimama uwanjani wanasubiri matatu. Babu akanifundisha yote humohumo kwenye kuoga na kunyolewa. Homu rani ndio mpira unapigwa unaenda zake mpaka nje ya uwanja, basi mpigaji anazunguka kwa raha zake hakuna wa kumgusa, na huyu Killebrew alipiga 573 toka alipoanza na timu ya Washington mwaka 1954 akiwa kijana mdogo wa Idaho mpaka alipostaafu 1975. Ile timu ya Washington ndiyo ilihamia Minnesota mwaka 1961 ikawa Twins. Mwaka 1969 peke yake alipiga 49 akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao. Na licha ya hilo jina la muuaji eti alikuwa mtu mpole kupita kiasi, aliwahi kuulizwa akiwa hana mechi anapenda kufanya nini akajibu kuosha vyombo. Babu hiyo ya vyombo alinisimulia labda mara ishirini, na kila mara anacheka mpaka inabidi nisimamishe wembe.

Ila kitu alichokuwa anakiheshimu kuliko zote hizo ni mwandiko. Alikuwa na mpira mmoja kwenye kiboksi cha plastiki juu ya kabati, umesainiwa. Nilipouangalia nilishangaa, manake saini ya staa najua mimi ni mkwaruzo tu, hii unaisoma herufi kwa herufi, Harmon Killebrew, kama mwalimu wa darasa la pili ameandika ubaoni. Babu akasema jamaa alikuwa hivyo kwa kila mtu, na hata wachezaji vijana wa Twins walikuwa wakikwaruza saini mbele yake anawagombeza kwa upole, mtoto amesubiri foleni, mpe jina linalosomeka.

Hapo ndipo mimi nikaingia matatani. Babu alitaka kumtumia kadi na mkono wake hauwezi tena kalamu, kwa hiyo mwandishi ni mimi, na mimi mwandiko wangu tangu shule ni kama kuku kapita kwenye unga. Kadi ya kwanza tuliinunua pale dukani chini, ile ya kawaida imechapishwa maua na maneno ya kumtakia mtu apone haraka. Nikaandika. Akavaa miwani, akaniangalia, akasema hii huwezi kumpelekea Killer. Nikanunua nyingine. Hiyo nayo akaikataa. Ya tatu akaikubali shingo upande, tukaituma kupitia klabu, na najua hatukuwa peke yetu, pale kwetu tu wazee wanne waliandika, na yule bibi wa chumba cha jirani alimtumia picha ya mumewe marehemu akiwa uwanjani miaka hiyo ya sitini.

Miezi ikaenda. Kukawa na matumaini, Machi alionekana Florida kwenye mazoezi ya Twins, amekonda lakini amevaa jezi, babu akakata picha gazetini nikaibandika ukutani.

Halafu Ijumaa, tarehe 13 Mei. Nimeingia shifti nikakuta TV imezimwa, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Killebrew alikuwa ametoa taarifa mwenyewe, kwamba vita vyake na ugonjwa vinaelekea mwisho, madaktari hawana dawa tena, anaingia hospisi, yaani kutunzwa tu bila maumivu mpaka mwisho, na kwamba amekuwa akiwaelimisha watu kuhusu huduma ya hospisi kwa miaka kumi hivyo haogopi hatua hiyo, atakaa na mkewe. Nilimsomea babu ile taarifa mara mbili. Akanyamaza muda. Akasema lete kadi.

Nikaleta, tulikuwa tumebakiza moja ileile ya apone haraka. Akaisukuma na ule mkono unaotetemeka mpaka ikaanguka chini. "Mtu kasema anakufa, nimwambie afanye haraka kupona? Nimkimbize wapi?" Mimi nimepiga magoti natafuta kadi chini ya kitanda na huku sina jibu. Akaniuliza, nyinyi kwenu mnamwambia nini mgonjwa?

Nikamwambia tunasema ugua pole.

Akataka maana. Na mimi, wallahi, nilikuwa nimelisema hilo neno maisha yangu yote bila kulifungua. Mama alikuwa akisikia jirani yuko Makadara, ile hospitali ya Coast General, anafunga uji kwenye thamosi anasema twende tukamwambie ugua pole, basi, limeisha. Nikamfafanulia vile nilivyoweza, kuugua ndio kuwa mgonjwa, pole ndio taratibu, ndio pia neno la kumliwaza mtu, yaani ugua lakini ugonjwa usikutese. Akauliza, kwa hiyo hamumwambii apone? Nikasema tunaomba apone, hiyo iko upande wa Mungu, mgonjwa mwenyewe tunamwambia augue pole. Akalirudia, ugua pole, ugua pole, ile "g" inamshinda. Akasema andika hilo, hilo tu, halafu jina langu.

Kadi nilinunua tupu isiyo na maneno Jumamosi kwa hela yangu. Niliandika na rula chini ya mstari. Dakika kumi maneno mawili.

Sasa kutuma nako ni shida, posta Jumapili imefungwa na Killebrew yuko Arizona, babu akapiga hesabu akaona barua haifiki. Akaomba apelekwe uwanja wa Twins aiweke kwenye sanamu ya Killebrew. Aliyekuwa zamu ya usimamizi akasema gari la kubeba wazee linahitaji taarifa ya siku saba, utaratibu ndio huo, siku saba! Nikamwambia babu Jumapili niko ofu, naenda mimi.

Akanipa masharti. Kwanza nipite Mall of America nikaone kiti. Manake ile mall imejengwa pale palipokuwa uwanja wa zamani wa Twins, na ndani yake kule kwenye mabembea ya watoto kuna kibao sakafuni panapoonyesha alipokuwa anasimama mpigaji, halafu mbali kule juu ukutani, juu ya maji ya wale wanaoteleza na vimtumbwi, wamepachika kiti kimoja chekundu. Ndipo ulipofika mpira wake wa tarehe 3 Juni 1967, futi 520, hiyo ni karibu mita 160. Babu alisema siku hiyo alikuwepo. Ninavyojua mimi kila mzee wa Minnesota siku hiyo alikuwepo, lakini sikumbishia. Nikasimama kwenye kibao nikaangalia kile kiti, kati yetu kuna treni za kupinduka na watoto wanapiga mayowe, na kiti chenyewe kidogo huko kama kifuniko cha soda. Nilijaribu kufikiria mpira wa kujaa kiganjani ukiruka mpaka pale, nikashindwa.

Nikapanda treni hapohapo mall, siku hizo ikiitwa Hiawatha, inakwenda mpaka Target Field, uwanja wenyewe, mwisho wa reli. Ilikuwa siku ya mechi, Twins na Toronto, behewa limejaa kofia na jezi, na namba 3, ya Killebrew, zilikuwa nyingi. Kufika nikapotea. Mageti ya ule uwanja hayafuatani kihesabu, wameyapa namba za jezi za wachezaji wao wakubwa, kuna la 3, la 6, la 14, la 29, la 34, sasa mimi nimeona 6 natafuta 5, nazunguka kama mbuzi wa Mji wa Kale mpaka mlinzi akanihurumia.

Sanamu ni ya shaba, Killebrew anapiga. Watu walikuwa wanasimama kidogo, wengine wanagusa kiatu, baba mmoja amembeba mtoto begani anamweleza. Nikaweka kadi chini nimeifungua ili maneno yaonekane, nikaikandamiza na kijiwe kwa ajili ya upepo. Mama mmoja mzungu mwenye kofia ya Twins akainama akasoma, akaniuliza, ni Kisomali? Nikamwambia Kiswahili, ni ya mzee wangu. Akataka maana nikampa, akatikisa kichwa, akaipiga picha. Siku hiyo yule Bautista wa Toronto aliwapiga homu rani tatu, mimi nilikuwa nimesharudi nalala.

Jumanne tarehe 17 nikaingia shifti saa tisa. Killebrew alikuwa amefariki asubuhi ile, miaka 74. Babu alikuwa ameambiwa tayari. Hakulia, aliniuliza kadi iliwekwa upande gani wa sanamu, kulia au kushoto, na kama nilikumbuka kijiwe.

Twins walikuwa ugenini Seattle, mechi kwa saa zetu inaanza saa tatu usiku, na yeye kawaida saa mbili ameshalala. Nikambadilisha, nikampandisha mto, nikamwacha na TV. Walikuwa wametundika jezi namba 3 pale kibandani wanapokaa wachezaji. Saa tano kasoro nikapita kumuaga nikamkuta macho bado.

Pale ukutani kila chumba kina ubao mweupe, unaandikwa tarehe, jina la nesi, na chakula cha kesho. Akanionyesha kwa kidevu. Akasema futa chakula, niandikie lile neno. Nikafuta, nikaandika kwa maandishi makubwa polepole, nikarudi nyuma kidogo ili aone.

Akavaa miwani. Akasema ile "g" inaonekana kama tisa.

Nikaifuta na kidole nikaiandika upya.