Maua ndani ya maji: mjomba mvuvi alivyonipiga jeki kwenye harusi ya mdogo wangu

Nianze na la chumvi, maana nimelichoka. Ukitamka tu kwamba utapamba meza kwa maua yaliyozama ndani ya vasi za maji, lazima atokee shangazi au mjumbe wa kamati aseme, "Tia chumvi kidogo, hayatanyauka." Hivi hawa hawajawahi kuogelea baharini? Maji ya chumvi hubeba. Ua lenyewe shida yake ni kutaka kupanda juu, halafu wewe unalisukuma kwa chini! Chumvi wekeni kwenye kachumbari.

Halafu kuna watu wa maji ya friji. Dar mwezi wa Desemba, mwaga maji ya baridi ndani ya kioo uone: vasi inatoka jasho nje mpaka ua halionekani. Mjumbe mmoja alifika ukumbini na mfuko wa barafu kwa ajili ya maua yangu. Nilimshukuru, barafu ikaenda kwenye deli la soda.

Meza zilikuwa thelathini na kitu. Mpambaji tuliyemwendea alitaja bei ya meza moja, mwenyekiti wa kamati akavua miwani akaifuta, kisha akaivaa akaomba arudiwe. Nikasema nipeni mimi hiyo kazi. Walicheka, na sikuwalaumu, maana mapambo niliyokuwa najulikana nayo ni maua ya plastiki ya sebuleni kwangu.

Waridi zetu zilitoka Arusha, nyeupe, zile za shina fupi. Muuzaji alinibembeleza nichukue za shina refu, "ndizo za harusi hizi dada," nikamwambia shina lenyewe nalikata nabakiza kama kidole, nilipie urefu wa nini? Nilizipata karibu kwa nusu ya bei. Na kuna siri nyingine: vasi ya duara ikijaa maji inalinenepesha ua. Ukilitazama kwa ubavu unaona limetanuka kuliko lilivyo. Wageni walikuwa wananiuliza nimeagiza wapi waridi kubwa vile. Nilikuwa nanyamaza tu.

Rangi ya harusi ilikuwa zambarau, na binti wa shangazi, bila kuuliza mtu, alileta ndoo ya waridi za zambarau. Nani kaona waridi zambarau iliyokoza vile shambani? Zimechovywa rangi hizo. Akaapa kwamba muuzaji kamhakikishia haitoki. Sikubishana naye, nilichukua moja nikaizamisha kwenye glasi, nikaiweka mezani mbele yake, tukaendelea kula. Kabla hatujanawa, maji yalikuwa juisi ya zabibu na ua limebaki la kijivu. Ndoo ile ilipambia mlango wa ukumbi, pakavu. Zambarau ya mezani tuliipata kwa vikokoto vya kioo vya Kariakoo.

Sasa kuzamisha. Kila mtu alisema weka mawe tu. Ukirundika mawe juu ya shina, shina laini linapondeka, ua linachomoka taratibu na kuja juu kukusalimia. Kaka yangu ni fundi ujenzi, akaleta waya wa kufungia nondo. Ua lilitulia kweli, lakini asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai. Waya ule unapata kutu, kaka!

Aliyetuokoa ni mjomba wetu wa Kunduchi, mvuvi. Alikuja kwa kikao cha familia, akatukuta barazani na mabeseni, wanawake wanne tunamkandamiza waridi mmoja. Akatutazama weee, akauliza, "Mnagombana na ua la nini? Si liacheni lipande." Nikamwambia mjomba, tunataka lizame. Akajibu, "Litazama. Wewe lifunge chini, liache lenyewe livute juu." Akatoa mfukoni mshipi wa kuvulia, mwembamba unaoonyesha kama kioo, na chubwi za risasi, vile vizito vya kuzamishia ndoano. Akapitisha sindano katikati ya kikonyo, si kuzungusha nje, maana mshipi ukizungushwa nje utateleza au utakata. Akapiga fundo, akaacha urefu wa kiganja, akafunga chubwi upande wa pili, akatumbukiza. Chubwi ikaenda chini, ua likapanda, likafika mwisho wa mshipi likasimama hapo wima, linacheza kidogo. Mshipi ndani ya maji huuoni kabisa. Shangazi alisema "Subhanallah" na yeye ni Mlutheri.

Hapo nikaelewa kwamba tulikuwa tunapigana na kitu cha kututumikia. Kule kuelea ndiko kunakolisimamisha ua. Ukiwa na mishipi mitatu ya urefu tofauti kwenye chubwi moja, unapata maua matatu ya ngazi, na chubwi unaifukia kwenye vikokoto. Meza kuu tuliweka okidi. Hizo ni ghali, lakini petali zake ngumu, zinavumilia maji kuliko waridi.

Hewa ya kuondoa ni ile iliyonasa katikati ya petali. Lichovye ua kwenye beseni kichwa chini, litikise, viputo vitoke. Maji nayo tuliyachemsha usiku wa kuamkia harusi tukayaacha yapoe, kwa sababu maji ya bomba yana hewa yake, yakipata joto yanaota viputo vidogo kwenye kila petali. Maji ya kisima msijaribu, yetu yalikuwa na ukungu. Vasi moja ilikunywa kama lita 3, piga hesabu ya meza uone ni sufuria ngapi za ubwabwa zilitumika. Jaza ukumbini, usithubutu kusafirisha vasi zilizojaa kwenye bajaji. Na mimina kwa jagi ukifuata ukuta wa kioo. Ukimwaga katikati, mishipi inasokotana na utaifungua huku MC anajaribu maiki.

Mshumaa wa kuelea unakaa juu, acha vidole viwili kutoka mdomo wa vasi, na mwambie mtu wa feni asiielekeze huko.

Asubuhi yake waridi nyingi zilikuwa zimekunywa maji na kulala chini, kwa hiyo zifungwe siku ileile ya harusi. Na kumwaga msimamie wenyewe, mwage juu ya chujio. Wahudumu wa ukumbi walimwaga zetu nje, vikokoto na chubwi pamoja, na mjomba hadi leo akinipigia simu, salamu ikiisha tu ananiuliza chubwi zake.