Nyangumi wa Msimbati wapite kwa amani

Kati ya Julai na Novemba, nyangumi wenye nundu hupita mbele ya Msimbati, kijiji cha pwani ya Mtwara, wakitoka bahari baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji yetu ya joto. Kule kusini ndiko wanakokula, na kinyesi chao chenye madini ya chuma hurutubisha mimea midogo sana ya baharini, ambayo ni chakula cha kamba wadogo. Huku mama hali karibu chochote. Ananyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Boti ikimfukuza ili abiria wapige picha, inamlia akiba ya mwanawe. Hili linaniuma sana.

Pomboo nao wako nasi, na adui yao ni jarife, wavu mkubwa unaotegwa baharini. Pomboo akinasa anakufa kwa kukosa pumzi, maana huvuta hewa kama sisi.

"Mjomba, usiliache jarife usiku kucha bila kwenda kulikagua," namwambia mjomba wangu mvuvi.

"Mpwa wangu, na mafuta ya mashine atanunua nani?"

Ana haki kuuliza. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi ipo tangu 2000. Naomba ichangie gharama hiyo ya mafuta, wavuvi wasibebeshwe peke yao.